Kwa nini naipenda Travers kuliko Kentucky Derby

Ukimtajia Mbongo mbio za farasi za Marekani, kama aliwahi kusikia chochote atakutajia Kentucky Derby: kofia kubwa za akina mama, mji wa Louisville, mwezi Mei, basi. Mimi naishi Albany, makao makuu ya jimbo la New York, na mbio ninazozisubiri mwaka mzima ziko kaskazini yetu, mwendo wa gari usiokupa hata nafasi ya kusinzia, kwenye mji mdogo unaoitwa Saratoga Springs. Zinaitwa Travers. Hufanyika Jumamosi moja ya mwishoni mwa Agosti, ni za farasi wa miaka mitatu peke yao, umbali ni maili moja na robo, yaani kama mita 2,000, na zawadi ni dola milioni 1.25. Zilianza 1864, miaka 11 kabla hiyo Kentucky Derby haijazaliwa. Wapenzi wake wanaziita Dabi ya Katikati ya Kiangazi.

Nina msimamo wangu juu ya hili, na nimeshabishana nao kazini mpaka watu wakaniomba ninyamaze: ukitaka kumjua farasi bora wa umri huo, Mei ni mapema mno. Subiri Agosti.

Sababu iko kwenye umri wenyewe. Farasi wa mbio wa jamii ya Thoroughbred, kwa nchi za kaskazini mwa dunia, wote wana siku moja ya kuzaliwa kwenye makaratasi, Januari mosi. Aliyezaliwa Januari kweli na aliyezaliwa Mei wanatimiza miaka mitatu siku moja. Mimba ya farasi huchukua kama miezi 11, kwa hiyo wafugaji huhangaika majike yapandwe mapema, kuanzia Februari, ili watoto wawahi kuzaliwa mwanzoni mwa mwaka unaofuata. Ni yale yale ya darasa la kwanza: mtoto aliyezaliwa mwanzoni mwa mwaka na aliyezaliwa mwishoni wanakaa dawati moja, mwalimu anasema huyu ana akili na yule ni mzito, kumbe mmoja amemzidi mwenzake kwa karibu mwaka mzima wa kuishi. Kwa farasi wa miaka mitatu, miezi minne ni mingi. Mifupa bado inakaza, misuli ya mapaja bado inajaza. Ikifika Agosti pengo limepungua, na wale waliochelewa wameshafika.

Tena kuna uchovu. Mbio tatu kubwa za masika, yaani Kentucky Derby, Preakness na Belmont, zimebanwa kwa desturi ndani ya wiki tano. Anayezishinda zote tatu anaitwa bingwa wa Taji la Tatu, na anastahili. Lakini akifika Saratoga miguu yake inajua ilikotoka, na anayemsubiri pale mara nyingi ni mwanafunzi aliyekuwa hajitokezi.

Uwanja wenyewe una hadithi. Saratoga Springs ni mji wa chemchemi. Karne ya 19 matajiri wa New York walipanda huko kila kiangazi kunywa maji ya madini na kuyaoga, wakiamini yanaondoa kila maradhi. Mchana maji, usiku kamari. Aliyeona kwamba mchana una nafasi iliyobaki wazi ni John Morrissey, mzaliwa wa Ireland, bondia wa enzi za ngumi kavu, aliyegeuka mmiliki wa nyumba za kamari na baadaye, msishangae, mbunge wa Kongresi ya Marekani. Agosti 1863 akaandaa siku nne za mbio. Nchi ilikuwa vitani yenyewe kwa yenyewe, mapigano ya Gettysburg yalikuwa yametimiza mwezi mmoja tu, na watu wakajaa. Mwaka uliofuata wakahamia uwanja mpya ng'ambo ya barabara, ambao ndio huu wa leo, na mbio kubwa ikapewa jina la William R. Travers, rais wa chama cha mbio. Mshindi wa kwanza alikuwa farasi aliyeitwa Kentucky, na mmoja wa wenye farasi huyo alikuwa Travers huyo huyo. Mjini kwetu watu wangesema mechi ilipangwa. Lakini Kentucky alikuwa farasi kweli, baadaye alishinda mbio nyingi mfululizo, kwa hiyo tumwachie mzee Travers kombe lake.

Kitu kimoja Saratoga imewazidi viwanja vingi vikubwa: farasi wanapita katikati ya watu. Nyuma ya jukwaa kuna bustani kubwa yenye miti, meza za mbao na chemchemi inayotoa maji yenye ladha ya chuma. Familia zinapanga foleni alfajiri, geti likifunguliwa wanakimbia kuwahi meza, wanaweka madeli yao ya barafu, kuku wa kukaanga, tikiti maji, karata. Dakika 17 kabla ya kila mbio mtu anapiga kengele kwa mkono. Farasi wanatoka mabandani kwenda sehemu ya kutandikwa, na njia yao inakatiza hapo hapo bustanini. Mlinzi anazuia watu, farasi anapita, njia inafunguliwa, maongezi yanaendelea. Unaweza kumnusa.

Mwaka 2024 nilikwenda na jirani yangu, mzee mmoja kutoka Uvira, mashariki mwa Kongo. Alichunga ng'ombe utotoni kwenye milima ya juu ya Ziwa Tanganyika, lakini farasi hakuwahi kumsogelea hata mmoja. Tulisimama kwenye uzio tukitazama wanavyozungushwa. Masaisi, yaani watunza farasi, wengi ni watu wa Amerika ya Kati, wameshika hatamu mkono mmoja na sponji mkono wa pili. Dume mmoja alikuwa ametoa povu jeupe la jasho katikati ya mapaja, anatupa kichwa, macho yameonyesha weupe, saisi anamnong'oneza Kihispania. Mzee hakumtazama hata kidogo. Alikuwa anatazama miguu ya mwingine.

"Mzee, umempenda yupi?"

"Ile mwanamuke," akasema, akionyesha kwa kidevu. "Ona vile anatembea. Hana haraka."

"Lakini mzee, jike hajashinda hapa tangu 1915."

"Basi leo njo siku yake."

Jike mwenyewe alikuwa Thorpedo Anna. Alinunuliwa akiwa na mwaka mmoja kwa dola 40,000, pesa ambayo katika biashara hii ni ya kununulia lawama. Majike huruhusiwa kukimbia Travers, na hupunguziwa uzito: dume anabeba kilo kama 57, mpanda na matandiko pamoja, jike kilo kama 55. Kwenye mlolongo ule ule alikuwapo dume aitwaye Sierra Leone, aliyenunuliwa hapo hapo mnadani Saratoga kwa dola milioni 2.3. Na alikuwapo Fierceness, aliyepewa nafasi kubwa kuliko wote kwenye Kentucky Derby ya Mei ile, akamaliza wa 15. Wa kumi na tano! Watu walikuwa wameshamzika.

Sitaisimulia mbio yote, inachukua kama dakika mbili na unaweza kuitafuta video. Fierceness alitoka mbele kwenye kona ya mwisho, na pale ambapo kila mmoja alidhani imekwisha, yule jike akaanza kuja kwa nje. Alikuja, akaja, akaja. Mzee alikuwa amenishika mkono, nilikuta alama za vidole vyake jioni. Fierceness alishinda kwa tofauti ya kichwa tu. Sierra Leone, yule wa mamilioni, alikuwa wa tatu. Mwisho wa mwaka Thorpedo Anna ndiye aliyechaguliwa Farasi wa Mwaka wa Marekani, lakini mzee mpaka leo anasema wangemwongezea mita ishirini tu. Na mimi namwambia amtazame Fierceness: huyo ndiye wa hoja yangu. Mei wa 15, akapumzishwa, Julai akashinda hapo hapo Saratoga, Agosti akachukua Travers.

Mbio ile ya Julai inaitwa Jim Dandy, na jina hilo ndilo kiini cha sifa ya uwanja huu. Watu wa farasi wanaiita Saratoga kaburi la vigogo. Mwaka 1930 Gallant Fox alifika Travers akiwa ameshachukua zote tatu za masika. Aliyedhaniwa anaweza kumsumbua ni Whichone. Wa nne katika wanne alikuwepo Jim Dandy, ambaye madalali wa kamari walimpa 100 kwa 1, maana yake weka dola moja, ukishinda unalipwa mia. Mvua ilikuwa imenyesha, uwanja umekuwa tope. Gallant Fox na Whichone wakatoka na kubanana wao kwa wao, kila mmoja anamsukuma mwenzake kwenda upande wa nje, na Jim Dandy akapita ndani kwenye reli akawaacha mbali sana. Yule farasi katika maisha yake alikimbia mara zaidi ya mia na kushinda chache tu. Kikubwa alichokuwa nacho ni kwamba tope alilipenda. Leo ana mbio yenye jina lake, na Gallant Fox, mwenye mataji yote, anatajwa Saratoga kama aliyefungwa na Jim Dandy.

Hakuwa wa kwanza kuumbuka pale. Man o' War, ambaye wazee wengi wanamwita farasi mkubwa kuliko wote Marekani iliyowahi kuwa nao, alishindwa mara moja tu katika mbio 21, na mara hiyo moja ilikuwa Saratoga, 1919, akiwa na miaka miwili. Aliyemshinda anaitwa Upset. Mwaka uliofuata Man o' War akarudi akashinda Travers, na kombe la dhahabu analokabidhiwa mshindi leo lina jina lake. Secretariat naye, 1973, mwaka ule ule wa Taji la Tatu, alikuja Saratoga kwenye mbio nyingine iitwayo Whitney akafungwa na farasi aitwaye Onion, yaani Kitunguu. Hata Travers yenyewe hakuiwahi.

Mabingwa wanne wa Taji la Tatu wamekimbia Travers. Aliyeshinda ni mmoja, Whirlaway, 1941. Gallant Fox nimeshamsema. Affirmed, 1978, alivuka mstari wa kwanza, lakini alikuwa amemkatia njia mpinzani wake wa siku zote, Alydar, ambaye nusura ajikwae, waamuzi wakamshusha hadi wa pili. Hao wawili walikuwa wamekutana mara kumi, na hiyo ndiyo ilikuwa ya mwisho. Mwisho mbovu wa uhasama mzuri kuliko wowote niliosoma.

Wa nne ni American Pharoah, na huyo nilimwona kwa macho yangu. Marekani ilikuwa imekaa miaka 37 bila bingwa wa Taji la Tatu, tangu Affirmed huyo huyo, mpaka Juni 2015. Ilipotangazwa kwamba anakuja Travers, mji ulichanganyikiwa. Ijumaa asubuhi, siku moja kabla, watu wapatao 15,000 walikwenda kumwona akifanya mazoezi tu. Mazoezi! Alikuwa anatokea California, baada ya kushinda mbio nyingine New Jersey mapema mwezi huo, akarudishwa California, akapandishwa ndege tena kuja New York. Hesabu hizo safari mwenyewe.

Jumamosi aliongoza kama kawaida yake, lakini safari hii farasi wa kijivu aitwaye Frosted alimganda ubavuni muda mrefu, akimtoa pumzi. Kwenye mnyoosho wa mwisho American Pharoah alimtikisa Frosted akamwacha. Uwanja ulilipuka. Ndipo akatokea Keen Ice kwa nje. Keen Ice! Alikuwa amefungwa na American Pharoah kwenye Kentucky Derby, akafungwa Belmont, akafungwa New Jersey. Odi yake ilikuwa 16 kwa 1. Akampita hatua chache kabla ya mstari, kwa robo tatu ya mwili wa farasi. Kelele za watu 50,000 zilizima, halafu ukasikia watu wachache waliotawanyika huku na huko wakipiga mayowe, hao ndio waliokuwa na tiketi za Keen Ice. Sijawahi kusikia uwanja ukitoa sauti ya namna ile. Miezi miwili baadaye American Pharoah, akiwa amepumzika, alishinda mbio ya mwisho ya maisha yake kwa urahisi, tena Keen Ice akiwa nyuma mbali.

Waswahili wa mitandaoni wanapenda kuliita hili mkosi. Mimi sioni mkosi. Naona ratiba. Mwaka 1982 farasi watatu tofauti waligawana mbio tatu za masika, na wote watatu wakaja Travers. Aliyewashinda wote kwa pamoja ni Runaway Groom, ambaye hakukimbia hata moja kati ya hizo. Mwaka 2016 Arrogate alikuwa ndiyo kwanza amekimbia mbio yake ya kwanza Aprili, na akashindwa. Kentucky Derby ilipita bila mtu kulijua jina lake. Agosti akaingia Travers, ikiwa mbio yake ya kwanza ya daraja la juu, akaimaliza kwa dakika 1 na sekunde 59.36, akimwacha wa pili kwa miili 13 na nusu. Rekodi ya awali, dakika mbili kamili, ilikuwa imekaa tangu 1979. Swali lake nawauliza wa Kentucky kila mwaka na bado nasubiri jibu: mlikuwa mnampima nani Mei ile?

Kuna jambo lingine linalonirudisha Saratoga, na halihusu ratiba. Mwaka 1866 aliyeshinda Travers akiwa juu ya farasi aitwaye Merrill ni Abe Hawkins, mtu mweusi wa Louisiana aliyezaliwa mtumwa. Utumwa ulikuwa umefutwa rasmi nchi nzima Desemba iliyotangulia. Mwaka 1879 akashinda Isaac Murphy juu ya Falsetto. Huyo Murphy baadaye alichukua Kentucky Derby mara tatu. Siku hizo wapanda farasi weusi walikuwa ndio wenyewe: Kentucky Derby ya kwanza, 1875, ilikuwa na wapanda 15, na 13 kati yao walikuwa weusi. Halafu pesa ikakua, na ilipokua wakasukumwa. Karne ya 20 ilipoanza walifungiwa njia, walibanwa kwenye reli wakati wa mbio, wenye farasi wakaacha kuwaita. Jimmy Winkfield alishinda Kentucky Derby 1901 na 1902, kisha akaenda kutafuta riziki Urusi.

Jumba la makumbusho la mbio za farasi liko Saratoga, barabara ile ile ya uwanja, na Murphy ni mmoja wa wapanda wa kwanza kabisa kuingizwa kwenye orodha yao ya heshima, 1955. Nendeni mkaone. Ukitoka hapo ukaingia uwanjani utahesabu wapanda wa Venezuela, Puerto Rico, Panama, na mweusi wa Marekani labda mmoja, Kendrick Carmouche, naye wa Louisiana. Yule akipita kwenda kupanda huwa naita jina lake kwa sauti. Mara moja aligeuka akanyanyua fimbo.

Sasa kamari, maana najua mmeshaanza kuniuliza. Mimi ni mtoto wa Tanga, nimelelewa chuo cha Kurani, sibeti. Wenzangu kazini wanachana mikeka yao pembeni yangu na mimi natafuna mahindi. Lakini odi nazisoma, na nazipenda. Pale hakuna kampuni inayokupangia odi; pesa zote za waliobeti zinaingia kapu moja, uwanja na serikali wanakata chao, kinachobaki wanagawana waliopatia. Kwa hiyo odi inayobadilika kwenye ubao ni maoni ya umma, yameandikwa kwa tarakimu. Na siwezi kujidai kwamba burudani yangu iko mbali na hiyo pesa. Mwaka 1911 na 1912 Travers haikukimbiwa kabisa, kwa sababu sheria za New York dhidi ya kamari zilikuwa zimevifunga viwanja vyote. Kamari ilipokatwa, farasi walibaki bandani.

Ndugu zetu walioko Dubai watanipinga hapa, na wana haki, kwa sababu kwao kwa miaka mingi farasi wamekimbia uwanja wa Meydan bila mtu kubeti. Ni kweli, ila pale mfuko ni wa masheikh. Na masheikh hao hao Saratoga wanajulikana vizuri. Godolphin, zizi la Sheikh Mohammed wa Dubai, limechukua jina lake kwa farasi wa Kiarabu wa karne ya 18, mmoja wa madume watatu ambao Thoroughbred wote duniani wanatokana nao. Mwaka 2012 farasi wa Godolphin, Alpha, alifika mstarini sawasawa kabisa na Golden Ticket aliyekuwa 33 kwa 1. Waliitazama ile picha wakaitazama tena, hakuna aliyeona tofauti, wakapewa wote wawili. Travers haikuwa imetoa sare tangu 1874.

Nisiache la 2023. Agosti 5 pale pale Saratoga jike aitwaye Maple Leaf Mel, ambaye hakuwahi kushindwa, alianguka hatua chache kabla ya mstari akiwa anaongoza. Hakuinuka tena. Wiki tatu baadaye, siku yenyewe ya Travers, kwenye mojawapo ya mbio zilizotangulia, New York Thunder, naye hajawahi kushindwa, naye anaongoza, naye akaanguka kwenye mnyoosho huo huo. Nilikuwa kwenye reli. Walileta pazia haraka, wanalo tayari kila siku, na nyuma ya pazia wakamdunga sindano. Farasi ana karibu nusu tani, na chini ya goti hana misuli, ni mfupa na kano tu. Akivunjika vibaya, kumsimamisha kwa miguu mitatu ni kuiua na hiyo mitatu. Ndiyo maana hawamfungi bandeji na kumpeleka nyumbani. Baba mmoja karibu nami alimgeuza mtoto wake uso, akambeba, wakaondoka na deli lao.

Travers ikakimbiwa kama ilivyopangwa. Alishinda Arcangelo, aliyenunuliwa kwa dola 35,000, mkufunzi wake Jena Antonucci, ambaye Juni ile alikuwa mwanamke wa kwanza kufundisha mshindi wa Belmont. Siku nyingine yoyote ningeandika makala nzima juu yake. Tangu 2022 kuna mamlaka ya kitaifa inayosimamia usalama wa viwanja, na baadaye dawa pia. Ukaguzi umeongezeka, madaktari wana nguvu ya kumtoa farasi dakika ya mwisho. Sioni kwamba inatosha. Ningependa kuona picha za mifupa kwa kila farasi kabla ya mbio kubwa, na ningependa muda kati ya mbio za masika uongezwe, jambo ambalo wenye Preakness wamelijadili kwa miaka. Naendelea kwenda, na mke wangu tangu siku ile haendi. Hatubishani juu yake.

Kuhusu hilo la mapumziko, 2025 walitokea watu walioamua wenyewe bila kusubiri kanuni. Sovereignty, wa Godolphin, mkufunzi Bill Mott, alishinda Kentucky Derby kwenye tope. Nchi nzima ikataka aende Preakness wiki mbili baadaye, maana bila hiyo hakuna Taji la Tatu. Mott akasema hapana, farasi anapumzika. Makelele yalikuwa makubwa, wengine wakasema wameua mchezo. Juni akashinda Belmont, ambayo mwaka huo ilikimbiwa Saratoga kwa sababu uwanja wa Belmont ulikuwa unajengwa upya. Julai akashinda Jim Dandy. Agosti 23 akaingia Travers na wapinzani wanne tu wakathubutu kumfuata, akashinda kwa miili kumi, Junior Alvarado amekaa juu hata fimbo haitumii sana. Tangu Thunder Gulch wa 1995 hakuna aliyekuwa ameshinda Derby, Belmont na Travers mwaka mmoja. Miguu yake ilikuwa imepumzika na kila mtu aliiona.

Wanaotaka kuja, nawaambia yafuatayo maana maswali yamekuwa mengi. Tiketi ya siku ya Travers nunueni mapema, haipatikani getini kirahisi. Chakula mnaruhusiwa kuingia nacho, chapati na maharage yenu karibuni. Msikae jukwaani muda wote, nendeni nyuma kwenye miti mkasimame kwenye ile njia wanayopita. Na kama umati haukufai, njoo siku ya kawaida ya wiki alfajiri. Mazoezi ni bure, na ukisimama kwenye reli na kikombe cha chai utawaona wale wale wa Jumamosi wakipiga shoti hatua chache kutoka ulipo, hakuna mlinzi wala kelele. Mzee wa Uvira ameshaniambia mwaka huu anakuja na meza yake mwenyewe.